Utando wa Buibui kwenye Ilimba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipanda basi Mpwapwa nikiwa nimefunga ilimba yangu kwenye kanga, nikaenda Dodoma kurekodi. Ilikuwa miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, maduka ya kanda za muziki yamezagaa, na kijana mmoja mwenye duka alikuwa ameahidi kunitolea kanda. Nyimbo nilitunga mwenyewe, nikipalilia uwele. Mjomba Yohana, aliyenichongea ile ilimba, alinisindikiza mpaka dukani.

Wewe huenda hujaishika ilimba. Ni ubao wenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, na ubaoni kuna tundu. Tundu hilo tunaliziba kwa ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Ndio unaofanya sauti ivume.

Kijana alisikiliza kidogo, akakunja uso. "Dada, hii inakwaruza. Wateja watasema kanda mbovu." Akautoboa utando kwa kidole. Niliogopa kurudi nyumbani bila kurekodiwa. Nikaanza kupiga. Vyuma vikalia kama sufuria, nami nikapotea katikati ya wimbo wangu mwenyewe.

Mjomba hakupandisha sauti. "Nilikufundisha kupiga, au kuomba ruhusa ya kupiga?" Kisha akatazama dari, akamgeukia mwenye duka. "Bwana mdogo, humu kwako buibui wamejaa. Tuazime mmoja."

Nilicheka, woga ukanitoka. Nikapanda kwenye stuli, nikabandua utando, nikaubandika kwa nta. Nikamwambia kijana, "Rekodi hivi hivi, la sivyo narudi kwenye uwele wangu." Akasonya, akabonyeza kitufe.

Mjini kanda ile haikununuliwa sana, sitakudanganya. Lakini baadaye, kwenye basi la Mpwapwa, dereva aliiweka. Sauti yangu haijaanza kusikika, ni ilimba tu, mama mmoja aliyepakata kuku akapaza sauti: "Dereva, ongeza! Huyo wa kwetu!" Tangu hapo nikaitwa kwenye harusi mpaka vidole vilipogoma. Jembe sikuliacha.

Sasa nasikia na wewe unatunga, na watu wa studio wanataka ubadilishe hiki na kile. Kwenye mambo ya mashine zao uwasikilize, wanazijua. Ila kile ambacho kikiondolewa unapotea katikati ya wimbo wako, usikubali kiguswe, hata wakitishia kukufungia mlango. Na shamba usiliuze.

Haya, nenda. Mungu akulindie koo na vidole, na popote utakapoimba, asikosekane wa kusema ongeza.