Kikombe cha Muravumba Kabla ya Salamu

Juzi nilikuwa sokoni Mbarara, mafua yamenibana, harufu moja ikanisimamisha kabla sijaona inakotoka. Sijui kama unaujua muravumba, rafiki yangu. Majani yake ni laini kama sikio la ndama, yananata vidoleni, na harufu yake ni kali, inapanda moja kwa moja hadi kwenye paji la uso. Nikasimama katikati ya watu na nikawa mtoto tena, Rubondo, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, asubuhi ya kiangazi, vumbi baridi miguuni.

Watu wa mbali hawaamini kwamba kwetu kuna baridi. Waje mwezi wa saba. Ukungu hulala juu ya viwanja hadi jua lipande, na kila nyumba ina mtu anayekohoa. Hapo ndipo bibi alipoanza kutuchemshia majani ya muravumba. Alikamulia limau, akaongeza asali ya kutoka Endiinzi alipoipata. Aliyebanwa kifua alifunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, atoke humo akitiririka jasho. Kisha uji wa mtama, wa moto. Lakini sharti kubwa lilikuwa hili: kikombe hunywewa kabla ya salamu. Huruhusiwi kusema na mtu mpaka ukimalize.

"Kifua kinaamka polepole," alisema. "Usikikimbize na maneno."

Basi nyumba nzima ilikuwa kimya. Ulisikia koo zikimeza, na mpini wa kisima ukilia kule chini.

Jirani yetu, niliyemwita tanti, yaani shangazi, alitoka Burundi kama sisi, na kanisani alikaa benchi moja na bibi. Sauti yake ingeweza kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili, lakini asubuhi za baridi alipita uani kwetu akipunga mkono tu, mabega yakitikisika kwa kicheko. Bibi alimpenda kwa hilo. Muravumba wetu bibi aliubeba kutoka Burundi, tawi moja ndani ya kitambaa kibichi na maganda ya mgomba, akilinywesha maji yake mwenyewe ya njiani. Majani alimpa kila aliyeomba. Tawi la kupanda alimpa tanti peke yake.

"Siku wangu ukifa, wako utakuwa wangu," akamwambia.

"Mama, wewe nitakukatalia?"

Siku hiyo ikafika. Kisima kiliharibika, muravumba wetu ukakauka hadi mizizi, na baridi ikamwingia bibi kifuani. Alikohoa huku ameshika nguzo ya mlango asianguke. Akanituma kwa tanti na kikapu.

"Yangu nayo imekauka, mtoto," tanti akaniambia akiwa amesimama mlangoni. "Kumebaki vijiti tu. Umwambie mama nitapita kumuona."

Nyuma yake nyumba ilijaa harufu ya majani yanayoanikwa.

"Tanti, na hiyo harufu?"

"Ni sabuni."

Nilipomweleza bibi, alicheka hadi kikohozi kikamkata. "Na hayo mafua yako, umenusa kwa pua ya nani? Akisema imekauka, imekauka."

Kabla ya Jumapili tanti alipanda lori la Mbarara na magunia yake. Hakupita kumuona mtu. Bibi alibaki na tangawizi na mvuke, na kifua chake hakikurudi kuwa kile cha zamani. Kanisani aliweka kitambaa chake mahali pa tanti, asikae mtu. Hakumsema vibaya hata mara moja. Ila baridi iliyofuata, alipotuchemshia mchaichai, alitusalimia kabla hatujashika vikombe, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha sharti lake.

Na sasa, sokoni, nyuma ya lundo la majani makavu, nani mwingine kama si tanti? Amenenepa, lakini sauti ni ileile. Mwanajeshi mmoja alikuwa akimuuliza, "Nyabo, hii dawa inatoka wapi?"

"Nilikuja nayo toka kwetu, afande. Nimeifunga mu kitambaa ya maji, mu maganda ya mugomba. Maji yangu ya kunywa ndiyo niliinywesha."

Akanigeukia. Hakunitambua. Alimimina kikombe kutoka kwenye chupa ya chai, akanipa. "Onja, dada. Lakini usiseme na mtu mpaka umalize."

Nikanywa. Kilikuwa kilekile, hata asali. Rubondo, pale muravumba wetu uliposimama, leo pana choo cha watu nisiowajua, na bibi yuko chini ya msalaba wa mbao. Miaka yote nilidhani kilichotupotea ni mti. Kumbe mti upo, umestawi, na bibi ndiye ameng'olewa ndani ya hadithi yake mwenyewe. Nilikunywa polepole, maana kikombe kikiisha ningelazimika kusema.

Kikaisha. Nikakiweka mbele yake.

"Tanti, umeamkaje," nikasema. "Bibi alikuwekea nafasi kwenye benchi mpaka alipokufa."