Uwanja Tulioukata Vipande

Sijaona watu wa hovyo kama sisi tulipokuwa International City, kule Dubai. Tulikuwa Wakenya kumi na wanane, karibu wote masoja wa malango ya wenyewe. Tulikuwa tumenunua ardhi nje ya Nakuru kwa jina la chama, hati moja, asije akatokea mjanja akauza. Nusu tujenge nyumba ambazo mtu wa kawaida ataziweza, nusu ibaki uwanja na miti, isijengwe kamwe. Tuliapa kwa Biblia, na wengine walilia. Machozi ya bure kabisa.

Ijumaa moja mwenyekiti akatuita kikao kwenye nyasi kati ya majengo. Huyu bwana alilinda bustani moja ya mjini, wiki nzima kazi yake kufukuza watu nyasini, na siku ya mapumziko anajilaza nyasini akisifu ubaridi wake. Alifungua kwa sala ndefu mpaka chai ikapoa. Baada ya amina akasema ule uwanja umekaa bure, tuukate, kila mtu aongezewe kiwanja. Watu wazima, wakaanza kumeza mate.

Mwenzetu mmoja hakuwepo. Alikuwa yaya katika mtaa wa Al Warqa, huko huko Dubai, na madam wake alimnyima ruhusa kwa sababu ya wageni. Alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti niwasikilizishe: "Kaka, wanangu huko nyumbani Kenya wanacheza kando ya barabara ya malori, na yule mdogo ameshagongwa mara moja. Mimi niliingia chama kwa ajili ya ule uwanja. Waambie wasiuguse."

Katiba yetu, tuliyoinakili mahali bila kuisoma, ilisema asiyefika hana kura. Mwenyekiti akasema basi, khalas, yaya ahesabiwe hayupo. Hakusema asisikilizwe. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipoishika, akanigeukia na kusema kipande cha kona, kile kinachofaa duka, kitakuwa changu.

Nikaiacha simu nikanyoosha mkono. Ilihesabiwa mikono kumi na saba, tukapiga makofi, tukala chapati.

Jioni yaya akanipigia, akinong'ona kutoka jikoni kwa madam wake. Aliuliza kama walimsikiliza. Nikasema walimsikiliza mpaka mwisho, ila walikataa.

Akasema, "Asante, kaka. Angalau wewe ulinitetea."

Nikamjibu, "Usijali, dada."