Mkwe Aliyezirudisha Mbata Zetu

Nakumbuka asubuhi ile mama yangu aliporudishiwa magunia yake mbele za watu, na aliyeyarudisha ni baba wa kijana aliyekuwa anioe. Sogea karibu, mwanangu, nikueleze, maana huenda nawe siku moja ukapewa kazi ya kusema kitu cha mwenzio ni kizuri au ni kibaya.

Tulikaa Munje, mimi na mama, Bi Mwanakombo. Baba alikuwa ameshafariki, akatuachia minazi. Siku hizo Mwingereza angali anatawala, na wengi wa kwetu tukiuza mbata, ile nyama ya nazi iliyokaushwa ya kukamuliwa mafuta. Ukizipeleka ghalani Msambweni, mkaguzi hufungua gunia, akavunja vipande, akatazama ndani, ndipo apige muhuri wa daraja. Gunia lisilo na muhuri halikupanda lori la Mombasa. Mkaguzi wetu alikuwa Bwana Bakari, na mwanawe Omari ndiye mchumba wangu.

Mwaka huo vuli ilinyesha vibaya. Tulianika, tukaanua, tukaanika tena. Mama alikuwa na haraka, kwani nguo zangu za harusi na vyombo vya nyumba vilingojea mbata zile. Alipoona vipande vya juu vimekauka, akajiaminisha kuwa vya chini navyo vimekauka, akafunga magunia. Watu wakamwambia, "Una wasiwasi gani? Anayekagua si mkwe wako?"

Tulipofika ghalani, Bwana Bakari alimsalimu mama kwa adabu. Kisha akatia mkono hadi chini ya gunia, akatoa kipande, akakikunja. Hakikuvunjika, kilipinda kama ngozi. Akatoa kingine, kimeota ukungu. Omari, aliyekuwa akipakia lori, alimsogelea babake akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, huyu si mama mkwe?"

"Namjua," akajibu. Akamgeukia mama. "Bi Mwanakombo, hizi siwezi kuzipigia muhuri. Zirudishe zikauke."

Mama akayafunga tena magunia. Tulirudi nyuma ya mkokoteni wa punda, yeye ameuma ncha ya buibui asionekane akilia. Tulipofika nyumbani akasema, "Harusi hiyo haipo. Mtu anayeniaibisha mbele za watu hawezi kumtunza mwanangu." Nilikwenda jikoni nikalia peke yangu. Zama zetu mwari hakusema ya moyoni, mwanangu, lakini Omari nilikuwa nampenda.

Alasiri tukasikia hodi. Bwana Bakari alisimama mlangoni, na Omari nyuma yake amebeba mzigo wa makumbi ya kuwashia moto.

"Umekuja kukagua na nyumba?" mama akauliza.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema. "Si kwa kuzikataa. Ningezipitisha, zingepangwa pamoja na za jirani zako, zikaoza zote. Mbata mbichi hushika joto hata zikawaka moto. Aliyekausha vizuri angepata hasara kwa haraka yetu sisi. Radhi naiomba kwa sababu nilijua unaleta leo, na mvua niliiona, lakini sikuja kukutazamia mbata zako. Ningekuja jana, leo usingeaibika."

Mama aliutazama mzigo aliobeba Omari. Kisha akaniita, "Mwanasha, teleka chai."

Hapo nikajua nitaolewa.

Walimwaga magunia yote uani. Vipande vilivyoota ukungu tukavitoa, vilivyo vibichi tukavikata vidogo, tukavipanga juu ya chanja na moto chini. Bwana Bakari amekunja kanzu yake, moshi unamtoa machozi, naye yumo tu anamweleza mama namna ya kugeuza vipande na kusikiliza kimoja kikivunjika, ajue kama zimekauka. Mama hakutaka kucheka, lakini alicheka.

Zilipokuwa tayari, Bwana Bakari alimwomba mkaguzi mwenzake azikague. "Hizi nimezikausha kwa mkono wangu," alisema, "siwezi kuzihukumu." Mwenzake akazipa daraja la pili, maana moshi ulikuwa umezitia weusi. Mama alinung'unika njia nzima. Harusi yangu ikawa ndogo, na sahani nyingi tuliazima. Lakini nilikaa na Omari kwa mapenzi mpaka Mungu alipomchukua, na mama, kila alipotaka kununua au kuuza kitu, alitaka kwanza kusikia Bwana Bakari anasemaje.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukipewa muhuri, usiupige kwa haya wala kwa udugu, kwa sababu yuko mtu usiyemjua atakayeamini alama ile, akanunua, akala, akalisha wanawe. Lakini ukishamkataza mtu, usimwache njiani na mzigo wake. Mfuate kwake, umwonyeshe palipoharibika, umsaidie patengenee. Na ukiweza kumwonya mapema, mwonye. Mtu kukosea ni jambo moja, kumwacha aende akaaibike ni jambo jingine. Nawe ukirudishiwa kazi yako, ona uchungu, si vibaya, kisha fungua mlango wako umsikilize aliyekurudishia.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona kweli na ulimi wa kuisema kwa upole. Akupe riziki ya halali, na wakwe wenye kuomba radhi. Amin.