Kidonda Nilichokishona kwa Uzi wa Nyavu

Mimi ndiye niliyemuua mbwa wa mke wangu. Wacha nianzie hapo, maana nikianza mbali nitajitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa. Watu wa ufuo wetu wanajua mbwa huyo alikufa kwa sababu daktari wa mifugo aliitisha pesa nyingi. Ni uongo. Uongo huo niliutunga mimi.

Naishi Remba, kisiwa cha ziwani ambacho nyumba za mabati zimebanana mpaka ukikohoa jirani anakwambia pole. Kazi yangu ni kushona nyavu. Wavu ukichanika kwenye mawe unaletwa kwangu, na nikimaliza huwezi kuonyesha palipochanika. Wavuvi wananiita fundi. Jina hilo lilinipanda kichwani, mtaona.

Mke wangu anaanika omena, wale dagaa wa ziwa letu. Mbwa wake aliitwa Jarit, yaani mlinzi kwa Kijaluo, na kazi yake ilikuwa kufukuza wale korongo wakubwa wenye vipara wasiimalize omena kabla haijakauka. Alimlea tangu akiwa wa kubebwa ndani ya karai. Akienda kuteka maji, mbwa nyuma. Akiwa kanisani, mbwa mlangoni. Kuna wakati nilimwambia, "Naona huyu ndiye mume, mimi ni mpangaji." Alicheka, na hakukataa.

Jumanne moja mke wangu alikuwa kwao Karungu, huko bara, akimuuguza mama yake. Jarit akamfuata korongo kwenye kichochoro kati ya nyumba mbili, ncha ya bati lenye kutu ikampasua ubavuni. Ngozi ilifunguka urefu wa kiganja. Alikuja kwangu mwenyewe, akalala juu ya wavu niliokuwa nashona, akawa ananiangalia.

Nikampigia mke wangu simu. Akaniambia, "Baba watoto, usimguse. Mpigie yule daktari aliyechanja mbwa mwaka jana. Namba nimeiandika ukutani, karibu na kalenda."

Hapa kisiwani hatuna daktari wa wanyama. Kumvusha mbwa hadi bara ni shida, maana wenye boti hawataki mnyama anayetoka damu katikati ya abiria, na kukodi boti nzima ni mambo ya matajiri. Nilijua daktari atanitajia bei ya kunichekesha. Nilipiga ili tu niweze kusema nimepiga.

Daktari, mama wa watu, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mzee, chemsha maji, tia chumvi, yakipoa kioshe vizuri asubuhi na jioni. Usikishone, usikifunge. Bati lina kutu na huko kwenu chini ni matope ya samaki. Ukikifunga, umefungia uchafu ndani. Alhamisi nakuja huko kuchanja mbwa, nitamtibu hapo hapo."

Nikamuuliza ni pesa ngapi.

"Utalipa dawa tu. Na ukikosa, utanipa omena ya mboga."

Yaani nilichotakiwa kufanya ni kuchemsha maji na kungoja siku mbili. Omena imejaa nyumbani kwangu! Sijawahi kupewa bei nafuu kama hiyo na mtu yeyote mwenye elimu.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Nilikiosha mara moja. Halafu wavuvi wakatoka ziwani, wakaja kuketi pale ninaposhonea kama kawaida yao, wakamwona Jarit. Mmoja akasema, "Omera, ndugu yangu, unashona nyavu za kisiwa kizima, na mbwa wa bibi yako anatembea na nyama nje?" Wakacheka. Mwingine akauliza kama uzi umeniishia.

Ningewaambia daktari amekataza. Maneno mawili tu. Lakini mimi fundi, niwaambie kuna kitu kimechanika na nimekatazwa kukishona? Nikawaambia daktari ametaja bei isiyoshikika, kwa hiyo nitafanya mwenyewe. Hapo ndipo uongo ulipozaliwa, na ulizaliwa kwa sababu ya kicheko tu.

Nilichukua sindano ya magunia, nikaipitisha kwenye moto. Nikachukua uzi wa nailoni, ule mwembamba. Wanaume wawili wakamshika. Jarit alitetemeka mwili mzima lakini hakuniuma, alinilamba mkono katikati ya kazi. Nilishona karibu karibu, nikakaza, nikafunga fundo letu lile lisiloteleza hata likilowa.

Nilipomaliza wakainama wote kuutazama mshono. Kisha mmoja akapiga picha kwa simu, akasema hata hospitali kubwa hawashoni hivyo. Jioni hiyo nilitembea ufuoni nikisalimiwa. Nikajiona mtu aliyesoma.

Jumatano ngozi ilikuwa imevimba, uzi umezama ndani. Nikasema ni kawaida. Alhamisi asubuhi kulikuwa na harufu. Jarit alikataa mchuzi wa samaki, na ukimgusa alikuwa moto.

Saa tatu daktari akafika kama alivyoahidi. Nilisikia watoto wakiita mbwa zao kutoka kila pembe. Na mimi nilifanya nini? Nilimbeba Jarit nikamwingiza kwenye stoo ya nyavu, nikafunga mlango.

Ndiyo, nilimficha. Niliona atakavyoukagua ule mshono mbele ya wanaume wale wale, atakavyouliza, "Si nilikwambia usikishone?" Aibu hiyo niliiona kubwa kuliko mbwa. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyopima.

Alinifuata mpaka pale nilipoketi. "Mbwa wa yule mama wa omena yuko wapi?"

"Amepona, daktari. Ameenda kuzurura."

"Hukukifunga?"

"Sikukifunga."

"Asante sana mzee. Watu wengi hawasikii." Akanipa mkono, nami nikaupokea.

Alikaa hadi adhuhuri akichanja. Kutoka kiti chake hadi mlango wa stoo ni hatua ishirini, baadaye nilizihesabu. Jarit hakulia hata kidogo. Angelia mara moja tu daktari angesikia, lakini alifundishwa na mke wangu kutulia akiwa ndani.

Boti yake ilipoondoka nikaenda kukata zile nyuzi. Yaliyotoka humo sitayaeleza. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, kazi ya Jumanne nikaifanya Alhamisi. Simu ilikuwa mfukoni na daktari alikuwa bado ziwani, angeweza kugeuza. Sikumpigia.

Mke wangu alirudi Ijumaa. Jarit aliposikia sauti yake aliinua mkia, ukaanguka. Mke wangu akapiga magoti, akauliza daktari alisema nini.

"Aliitisha pesa nyingi mno," nikamwambia. "Ndipo nikajaribu kumshona."

"Ungeniambia, yawa, jamani. Ningeuza hata karai zangu." Akataka kumpigia amwombe, nikamwambia nimepiga siku nzima na hashiki. Akaniamini. Kisha akanishika bega, akasema, "Angalau wewe ulijaribu."

Nimetukanwa na watu wengi maishani. Hakuna tusi lililoniingia kama shukrani hiyo.

Jarit alikufa Jumamosi asubuhi, kichwa kikiwa juu ya mguu wa mke wangu. Tulimzika nyuma ya nyumba, penye mchanga kidogo. Alipoingia ndani, mke wangu alichukua kisu akaikwangua ile namba ukutani mpaka bati likang'aa.

Tangu siku hiyo hataki mbwa mwingine. Anaketi mwenyewe juani na fimbo, anafukuza korongo kutwa nzima, na mgongo umeanza kumsumbua. Mimi nikiwa nashona ninamwona. Siwezi kugeuza kiti, mwanga uko upande huo.

Na neno la bei likasambaa. Daktari aliporudi kuchanja tena, alikuta mbwa wanne. Watu waliogopa kwamba chanjo ni bure lakini ukishamzoea atakukamua. Mke wangu, mtu ambaye hajawahi kugombana hata sokoni, alimfuata pale pale ufuoni. "Ulimwacha Jarit wangu afe kwa sababu ya pesa. Ungetaka omena ningekupa gunia."

Daktari alishangaa. Kisha akageuka, akaniangalia mimi. Alikuwa ananingoja mimi niseme. Nikainamia wavu nikawa natafuta tundu ambalo halikuwepo.

"Pole sana, mama," akamwambia mke wangu. Akafunga sanduku lake akapanda boti. Sijamwona tena hapa.

Juzi jirani yangu mmoja alikuja amebeba mbwa jike aliyetobolewa paja na ndoano kubwa ya kuvulia mbuta, kidonda kimejaa mchanga. "Fundi, nishonee. Yule daktari si tunamjua bei yake."

Namba ilikwanguliwa ukutani, lakini kichwani ninayo mpaka leo. Ningemwambia. Nilifungua mdomo, nikamwona mke wangu ameketi pale na fimbo yake, anasikiliza. Nikasema macho yananiuma. Jirani akampeleka mbwa wake kwa kijana mwingine anayeshona nyavu, ambaye nilimfundisha mimi, na anashona karibu karibu kama mimi. Kutoka kwangu tulimsikia yule mbwa akilia.

Mke wangu akaniambia, "Nenda ukamsaidie, baba watoto. Mkono wako ni mzuri kuliko wake."

Nimeshindwa kuyasema haya kwa mdomo, ndiyo maana nimeyaandika na jina nimeliacha. Ndugu zangu, kidonda chenye uchafu kioshwe na kiachwe wazi. Daktari mpigie mwenyewe, bei umuulize mwenyewe. Na kama uko Remba na umesikia kwamba yule mama ni ghali, ujue habari hiyo ilitoka kwangu.