Vijiti vya Muhogo wa Alaso

Mwaka wa sabini na tano Alaso wa Chakol alipewa siku saba ang'oe muhogo wake wote na achome vijiti. Alikuwa mjane, mvua ilikuwa imepitia mbali upande wa Uganda, na wimbi lililobaki ghalani lilitosha uji tu. Bila vijiti hangepanda tena, na watu wanane wa nyumba yake wangelala njaa. Kila mtu alilijua hilo ila serikali.

Aliyeleta amri ni bwana shamba Dalmas, mtu mpole wa Sigalame. Alisema kuna mbegu mpya, nyeupe na tamu, na muhogo mchungu wa zamani usiichafue.

"Hiyo yenu nimeona kwa jirani," Alaso akasema. "Imeoza kwa udongo."

"Watu hawafuati maagizo, mama."

"Maagizo gani? Kwamba isioze?"

Dalmas akaandika kitu kwenye daftari.

Wengine huringia ng'ombe. Huyu mama aliringia mbegu, na haki alikuwa nayo. Kila msimu alikata vijiti, akavipanga kivulini, akaketi kunywa chai. Kijiti ambacho kidonda chake kiligeuka kahawia na kukauka upesi, alikipanda. Kilichobaki cheupe kikitoa maji, kilikuwa kuni. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha, kwa maneno machache na kofi moja.

Basi akamfanyia Dalmas vivyo hivyo: kijiti chake na kijiti cha serikali, panga moja, kivuli kimoja. Kikombe cha pili hakijaisha, kijiti chake kimeshakuwa kahawia. Cha serikali bado cheupe, kinadondosha maji. Dalmas akavua kofia.

"Hii tulifundishwa chuoni," akasema polepole. "Ndani ya mmea kuna kimeng'enya. Ukiukata, kinaamka, kinafunga kidonda. Ugonjwa hauingii, maji hayatoki. Mmea ulio nacho kingi huvumilia hata kiangazi."

"Na mtihani ulipita?"

"Nilipata tisini."

"Na hii nyeupe ilichaguliwa na nani?"

"Walitazama unga, mama. Unga wake ni mweupe."

"Haya, waandikie."

"Nikiwaandikia, nafutwa kazi."

Alaso akamkasirikia, tena sana, lakini chai alimwongezea.

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Dalmas akaja na askari wawili wa chifu, wakang'oa shamba zima. Alaso alilia waziwazi, hakujificha. Mizizi aliachiwa akaushe. Vijiti vilirundikwa uani ili vichomwe. Dalmas akakishika kimoja, akakigeuzageuza, akatangaza kwa sauti kwamba vina unyevu na vitachomwa Jumatatu. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki sita. Akaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba Jumapili hapiti njia hiyo.

Sasa, pale kijijini mtu akija kuomba vijiti vya muhogo hanyimwi, wala hauziwi. Jumapili baada ya misa wakaja kuomba. Alupo akaja na wakwe zake, mzee Ekisa akaja na mkokoteni, na wengine walitoka Malaba kwa baiskeli. Jioni rundo halikuwepo tena, na Alaso akafagia ua.

Jumatatu Dalmas akautazama ule ua uliofagiwa vizuri. Hapakuwa na jivu hata kidogo. Akaandika, "Vyote vimechomwa," akampa Alaso karatasi aweke kidole gumba. Alaso akaweka.

Askari wakatangulia. Dalmas akabaki, anabonyeza tairi la baiskeli ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Mama," akasema mwishowe, "mamangu kule Sigalame aling'oa yake ya zamani, akapanda ile nyeupe. Mimi ndiye nilimpelekea."

Alaso hakumwuliza kama imeoza. Akaenda nyuma ya jiko, akarudi na vijiti ishirini, nusu ya vile alivyojifichia, akamfungia kwenye baiskeli kwa kamba ya katani. Halafu akamwelekeza njia ya mtoni, asije akakutana na askari wake mwenyewe.