Mama alikaanga senene miaka yote bila kuonja: chumvi ilivyomchosha Taata moyo, Muleba

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Hapo ndipo ilipoanzia.

Wakuu, salaam. Kisa ni cha nyumbani kwetu Muleba, enzi za ujamaa. Mimi, Koku, nilikuwa binti wa darasa la tano. Sijakitia chumvi, ilikuwamo tayari.

Senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa wameshuka. Ukungu haujatoka kwenye nyasi, kila jani kama linapumua. Mimi na Mama tuliwaokota kimya, umande ukiwa bado mabawani mwao. Asubuhi ile hunijia hadi leo kama kitu nilichokiota.

Tuliporudi, Taata, yaani baba, alikuwa ameketi kitandani akihema. Kulala chali hawezi. Miguu imevimba, ukibonyeza, kidole kinaacha shimo.

Akapelekwa hospitali Bukoba kwa lori la kahawa. Madaktari wakasema presha imechosha moyo. Akarudi na dawa na sharti moja: apunguze chumvi.

Mama akacheka. "Chumvi ipi? Duka la kijiji linatugawia kikombe kimoja!"

Kweli, ndizi zetu zilipikwa karibu bila chumvi.

Wiki tatu baadaye miguu ikavimba tena. Mganga wa zahanati akaja nyumbani. Akakaa, akautazama mkono wa Taata ukienda na kurudi kwenye kibuyu cha senene wakavu.

"Mama Koku, hawa unawatia chumvi kiasi gani?"

"Nakadiria tu, wasioze."

"Ukionja je?"

Taata akadakia: "Umeona wapi mwanamke akionja senene?"

(Kwa wasiojua: kwetu wakati huo wanawake tuliokota, tukanyonyoa, tukakaanga. Waliokula ni wanaume; kwa mwanamke ilikuwa mwiko. Kumbe chumvi yote ya mgao Mama aliibana kwa ajili ya kibuyu kile.)

"Na wewe mzee, hukusikia ukali?"

"Chumvi haipatikani nchi nzima, mimi nilalamike imezidi?"

Mganga akafunga mkoba. "Basi chagueni. Mwiko au mzee. Moyo huu hauvumilii msimu mwingine."

Mama aliitazama ile miguu muda mrefu. Akachukua senene mmoja, akamweka ulimini.

Akatema.

"Baba Koku! Nakulisha chumvi tupu, na wewe unatafuna tu?"

"Nilidhani ndiyo mapenzi," Taata akasema.

Alimeza dawa zake, kibuyu kikaondolewa, uvimbe ukashuka taratibu. Msimu uliofuata Mama alianika senene juani hadi wakakauka kabisa, akatia chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Alikuwa akionja nyuma ya jiko, na Taata akijifanya anakagua mibuni.

Baadaye nilijisomea kuhusu moyo, nikanunua na mizani ya jikoni ya kupimia chumvi. Si kila ugonjwa wa moyo huletwa na chumvi. Ila kwetu ilijificha kwenye kitafunwa ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa chakula, na mpishi hakuruhusiwa kukionja.

Taata aliishi hadi akampakata mwanangu wa kwanza.

Nyumbani kwako, wewe unatafuna nini kimya kimya kwa sababu kimepikwa kwa upendo? Andika hapa chini, nitasoma kila jibu.