Mvua Huenda

Siku ya kwanza kazini, Bwana Kathurima, msimamizi wetu kule Nkubu, alinipa kipaza sauti, karatasi moja na onyo: "Nyaga, soma kilichoandikwa. Usitie chumvi." Mimi niliishia darasa la sita. Chumvi ningeitoa wapi?

Kazi ilikuwa kuwasomea wakulima utabiri wa mvua siku za soko. Wataalamu wa hali ya hewa walileta asilimia. Asilimia sabini maana yake ni hii: misimu kama huu ikija kumi, saba mvua inatosha, mitatu inakudanganya. Lakini Kathurima hakutaka namba zisomwe sokoni. Alizigeuza maneno kwa jedwali lake mwenyewe: za juu ni "huenda", za katikati ni "labda", za chini ni "haielekei".

Nikapelekwa Karurumo, kwetu. Namba ilikuwa sabini. Nikapaza: "Msimu huu mvua huenda ikanyesha kwa wakati!"

Sisi huku Kiswahili tulikipata shuleni, na wengine shule hawakufika. Watu walisikia "mvua huenda", yaani inaenda zake. Shangazi yangu Ciambaka, mjane anayeishi kwa ndengu, akarudisha mbegu kibuyuni. Mvua ikaja kwa wakati. Alipokimbilia kupanda alikuwa amechelewa, ndengu zikakauka zikiwa maua.

"Wee Nyaga, si ulisema mvua inaenda?" akaniuliza sokoni.

"Shangazi, nilisema huenda ikanyesha."

"Ikienda inanyesha wapi? Kitui?"

Soko lote likacheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu ndengu zangu nilikuwa nimezipanda mapema, na shamba langu la kijani lilikuwa linatazamana na lake. Tangu siku hiyo hakunisemesha.

Nilimweleza Kathurima. "Kiswahili changu ni sanifu," akasema. "Shida ni masikio ya watu wenu." Kisha akaandika kwa ripoti kwamba msomaji, Nyaga, alitamka vibaya. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye alinitaja mimi.

Nikahamishiwa Runyenjes, chini ya mratibu, Madam Wanja. Huyu aliniuliza kitu kimoja tu: "Waliposikia, walifanya nini?" Tukatupa lile jedwali, tukatafuta maneno yanayoshika jembe. "Mvua inakuja, panda." "Inaweza kuja, inaweza kukosa. Panda nusu, weka nusu." "Usiitegemee." Na kila tangazo nilimwomba msikilizaji mmoja alirudie kwa lugha ya nyumbani. Akikosea, kosa ni langu, naanza upya.

Msimu mmoja namba ikaangukia katikati. Nikarudi Karurumo, nikamwomba Ciambaka arudie. Akarudia kwa Kimbeere, sawasawa, halafu akaongeza: "Na ikikosa, nakuja kula kwako."

Ilikosa. Nusu aliyopanda ilikufa.

Siku hizi nimestaafu. Utabiri unaingia kwa simu, na simu haiulizi mtu amesikia nini. Nyinyi vijana mnaoutuma, ulizeni. Kwa faili ya Kathurima mimi bado ni yule wa kutamka vibaya, na hilo sijamsamehe. Lakini nalala vizuri, kwa sababu ya asubuhi moja kabla ya msimu uliofuata. Ciambaka alisimama mlangoni pangu, ile nusu nyingine ya mbegu iko kwa kikapu.

"Haya," akasema, "wanasemaje?"